Nilimwacha Mama Mkwe Nje ya Lango la Kambi

Bwana Mhariri wa ukurasa huu, jina langu libaki kwako, na majina ya watu wangu nimeyabadilisha. Mimi ni Mkamba wa miaka thelathini na sita, nyapara katika shamba moja la mkonge hapa Thika. Nina mke, Nduku, na watoto watatu, wa mwisho bado mchanga kifuani. Kazini nikipaza sauti watu wanakimbia. Nayasema haya mapema ili mjue ni mwoga wa namna gani anayewaandikia.

Nduku ana ndugu mmoja tu, Mutiso. Baba yao alifariki mtoto huyo angali mdogo, nikamchukua, nikamlea na kumsomesha mpaka akanipita kwa urefu. Mwaka jana aliingia jeshini. Juzi tukapata habari kwamba wanamaliza mafunzo katika kambi iliyo karibu na Ruiru, na kila kuruta anaruhusiwa wageni wawili kuja kutazama gwaride. Kadi zilikuja na majina tayari, la mama yake na langu. Jina halibadilishwi. Wageni wa kuruta mmoja waingie pamoja na wakae pamoja, na tarumbeta ikilia lango linafungwa. Nduku alilia kwa furaha. Mimi nililisoma tena hilo la kukaa pamoja.

Wasomaji wasio Wakamba, kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Nikimwona njiani napita pembeni, naye anajifunika leso na kugeuka. Tunaiita nthoni, yaani heshima na haya kwa pamoja. Tangu nimuoe Nduku sijamwambia mama yule neno hata moja, salamu zetu hupitia kwa Nduku. Wapo wanaotoa mbuzi ili wazee waiondoe nthoni hiyo, nami kila mwaka nasema nitamtoa, halafu mwaka unaisha.

Siku ya gwaride tulipanda gari moshi, mimi behewa la mbele, yeye la nyuma. Kadi zote nilizishika mimi kwa sababu mama aliogopa kupoteza yake. Kutoka stesheni alinifuata kwa mbali. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nitamwachia askari kadi ya mama, nitangulie, naye aingie baadaye, tusipate hata kutazamana.

Askari wa lango alikuwa mkali. Siku hizi za hali ya hatari mlangoni pa kambi hakuna mchezo.

"Kadi mbili, mtu moja. Huyu ingine iko wapi? Mwite, muingie pamoja, mkae benchi moja."

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama kando ya barabara, uso ndani ya leso, ananisubiri nipite. Nyuma yangu palikuwa na wazee wa Kikamba waliokuja kuona wana wao. Ningemwita tu, wangejua huyo ni nani kwangu. Niliona tayari watakavyosimulia, jinsi mtu mzima na masharubu yake alivyoketi bega kwa bega na mkwewe.

"Hakuja," nikasema. "Anaumwa."

Askari aliichukua kadi ya mama, akaitia mfukoni, akanipitisha. Nikajiambia nitamtuma mtu amrudie. Sikumtuma mtu. Tarumbeta ikalia na lango likafungwa.

Nilikaa kwenye benchi, nafasi tupu kando yangu. Mutiso alipopita na wenzake waliamriwa kutazama kulia, na macho yake yakaishia kwenye nafasi ile. Baadaye alinijia mbio.

"Shemeji, mama ako wapi?"

"Homa ilimshika jana."

Aliinamisha kichwa. "Sisi tunapelekwa ng'ambo na meli, hatupewi ruhusa ya kwenda nyumbani. Lakini Jumapili ya mwisho ya mwezi, wale wageni wa kadi watakubaliwa kuja kutuaga. Mlete, shemeji. Hata kama ni kwa mkokoteni."

Nilipotoka nilimkuta mama ameketi chini, karibu na seng'enge, vumbi limejaa kwenye leso yake. Kutoka pale husikii ila ngoma za bendi. Aliponiona aliinuka, akajifunika uso, akanigeuzia mgongo, vilevile anavyofanya siku zote. Sikuweza kujua kama ni heshima au ni uchungu. Nilirudi Thika kila nikifumba macho namwona pale chini.

Nilichelewa kwa makusudi kufika nyumbani. Mama alikuwa amepita na kuondoka. Nduku alinipokea akicheka.

"Mama ameniambia yote. Ati Mutiso alipita karibu nanyi akatabasamu, na viatu vyake ungeweza kujitazama ndani. Wewe mwanamume, mambo mazuri kama hayo huwezi kusimulia?"

Nikasema ni kweli, alipendeza sana. Nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama huko kama mwizi. Mwanamke niliyemkana langoni amekaa juani asimwone mwanawe, kisha akatunga gwaride zima ili binti yake asinidharau.

Sasa Jumapili ile inakaribia. Ili mama aingie itanibidi nisimame mbele ya askari yuleyule aliyeichukua kadi yake niseme nilidanganya, kisha nimwite mama kwa mdomo wangu na kukaa naye. Nikiwapelekea wazee mbuzi sasa hivi, watauliza haraka hii inatoka wapi. Nikimtuma Nduku aniombee msamaha, atajua kwamba mimi nimemdanganya, na kwamba mama yake pia amemdanganya, tena kwa ajili yangu. Nikinyamaza, Mutiso atapanda meli akiamini mama yake aliumwa siku hiyo yake, na huenda wasionane tena.

Ninyi mnaojua mila na ninyi mnaojua Neno la Mungu, nishikeni mkono. Nianze kwa nani, na nitamwambiaje? Jana Nduku aliniletea salamu za mama yake kama kawaida. Anauliza kama miguu yangu imepumzika baada ya ile safari. Mpaka leo sijarudisha jibu.