Kichupa Nilichokiosha Mara Tatu

Kazi bado ninayo, nashukuru, kwa hiyo naweza kusimulia. Mimi ndiye muosha vyombo wa maabara moja ya utafiti hapa Ifakara. Kwetu hakitupwi kitu. Hata kichupa cha dawa nakiosha, nakianika, kinatumika tena. Kwa usafi, sina mpinzani.

Daktari Neema, mtafiti wetu wa malaria, alikuwa amesubiri wiki nyingi mzigo kutoka Ulaya: kimeng'enya (enzaimu) cha binadamu, lakini kilichozalishwa na bakteria maabarani. Gari la mzigo lilipokwama kwenye matope ya Mkula, hata chakula kilimshinda.

Boksi likafika yeye yuko Lupiro. Nikalifungua niweke mzigo kwenye friza. Barafu tele, na katikati kichupa kimoja, unene wa kidole cha mwisho. Nikakiinua kwenye mwanga. Kitupu! Maskini Daktari, nikawaza, dawa imevuja njiani. Angalau nimwokolee kichupa.

Jioni akarudi mbio, tope hadi magotini.

"Shikamoo mzee Ligalu. Mzigo wangu?"

"Marahaba, mwanangu. Pole sana, kimekuja kitupu." Nikamkabidhi kichupa kinachong'aa.

Akacheka kwa furaha. "Si kitupu, mzee. Huja kikavu. Ni unga kidogo tu, umeganda chini kama ukungu, huwezi kuuona. Kazi yetu ni kutia maji tu."

"Maji nimeshatia," nikasema.

"Umetia? Halafu?"

Nikatazama sinki.

"Nikamwaga, mwanangu. Mara tatu. Ya mwisho kwa sabuni."