Mwalimu Kumagai Agonga Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchemsha chai, Mwalimu Kumagai alijiangusha mara thelathini. Alikuwa na miaka sabini na minne, na ukumbi wake wa judo haukuwa na mwanafunzi hata wa dawa. Wa mwisho alihamia mjini na wazazi wake, shule ya kijiji nayo ikafungwa. Mkewe Fusae alikuwa ametangulia, na mtoto hawakujaliwa. Basi mzee alisimama peke yake katikati ya mikeka, akabana kidevu kifuani, akajitupa chali, na mkono ukapiga mkeka: pa! Akainuka. Pa!

"Mwalimu, unaua panya humo ndani?" jirani yake mjane, Bi. Hatsuyo, alimuuliza walipokutana nje, kila mmoja na koleo lake la theluji.

"Naua uzee."

"Na bado haujafa tu?"

"Uzee una kichwa kigumu kama chako."

Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kutwa. Akirudi ndani aliyarudia moyoni huku akila wali na figili ya chumvi, maana hakuwa na mengine.

Tuseme ukweli, mtu huyu alikuwa na kiburi. Kwenye judo, ukibanwa ukakosa pa kupita, unagonga mara mbili, kwenye mkeka au mwilini mwa mwenzako, naye anakuachia. Si aibu. Ndiyo desturi inayowarudisha watu makwao wazima, na Kumagai aliwafundisha watoto siku ya kwanza kabisa: "Mbili, kwa nguvu, mwenzako asikie!" Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kugonga. Akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye mashindano ya mkoa, alibanwa kiwiko mpaka kikalia, na hakugonga. Mkono wa kushoto haukunyooka tena. Watu wakamsifu, na sifa zile zilimharibu kuliko yule aliyemvunja.

Mwezi wa pili theluji ilishuka siku tatu mfululizo, mpaka milango ya ndani ikaanza kukwama kwa uzito wa theluji paani.

"Ngoja Jumamosi," Bi. Hatsuyo alimwambia. "Vijana wa kamati ya kijiji watakuja kusafisha mapaa ya wazee."

"Vijana gani? Wana miaka sitini hao!"

"Basi niite nishike ngazi. Mtu hapandi peke yake, unajua vizuri."

"Sitaki kumsumbua mtu."

"Nani kakwambia nasumbuka?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Alhamisi asubuhi, alipomaliza kujiangusha kwake, alingoja Bi. Hatsuyo aingie ndani, kisha akapanda paani na koleo lake, kimya kimya kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Hakufika mbali. Theluji ilikatika chini ya miguu yake, naye akaenda nayo.

Mwili haukumwuliza kitu. Kidevu kilibana chenyewe, pumzi ikatoka, mkono ukapiga. Kichwa kilisimama shubiri moja tu juu ya ukingo wa mawe wa mtaro, bila kuugusa. Lakini nyonga ilitua juu ya mawe yale, akaisikia ikivunjika. Theluji iliyobaki paani ikamfuata, ikamfunika mpaka kiunoni.

"Thelathini na moja," alisema. Hakuwapo wa kumsikia.

Alijaribu kuinuka, akaona nyota. Alipiga theluji kwa kiganja, haikutoa sauti. Akaanza kufikiri ni nani atakayegundua kwamba hayupo kabla ya Jumamosi, akapitia majina yote ya kijiji, nyumba kwa nyumba, na nyingi zilikuwa tupu. Hapo upweke ulimwingia kuliko baridi. Miaka yote alikuwa akiuita utulivu.

"Ukibanwa usipapatike, pumua," alijiambia, kama alivyowaambia watoto. Akavuta pumzi polepole. Akajichomoa, akalala ubavu ulio mzima, akakunja na kunyoosha mguu mmoja, ule mwendo wa mkekani ambao watoto waliuita wa kamba wa baharini. Kila hatua ilikuwa ya shubiri moja, na kila shubiri alilia. Lakini alifika kwenye tangi la mafuta ya taa, ubavuni mwa nyumba, na koleo mkononi.

Aliliinua apige tangi, mkono ukagoma. Miaka hamsini na moja hakugonga! Usingizi ulikuwa unamjia, tena mtamu, na angeufuata hakuna ambaye angesumbuka. Aliliona hilo wazi, akaogopa.

Ngo! Ngo!

Akapumzika. Ngo! Ngo! Machozi yakamtoka kama mtoto.

Zamani Bi. Hatsuyo alikaa pembeni ya ile mikeka miaka tisa, akimtazama bintiye akifanya mazoezi. Sasa alisikia mbili, kimya, mbili. Alitoka mbio na ndara za ndani, akipiga kelele kama walivyopiga akina mama zamani: "Mwachie! Mwachie!" Alipomwona alipo, akaanza kumtukana. "Mjinga wewe! Mjinga mwenye mkanda mweusi!"

Hospitalini daktari alitikisa kichwa. "Wengine hutua kwa kichwa, Mwalimu, hawafiki hapa. Nyonga tutaitengeneza." Akaja muuguzi na karatasi.

"Ndugu wa karibu?"

"Hakuna."

"Basi mtu yeyote wa kupigiwa simu. Rafiki? Jirani?"

"Sitaki kumsumbua mtu."

Bi. Hatsuyo alikuwa kitini anamenya chungwa. Vidole vilisimama.

"Kila asubuhi nawangoja panya wako," alisema. "Nisiposikia pa ya kwanza, chai hainipiti kooni. Leo nimesikia zote thelathini, nikasema afadhali, jirani yupo. Kesho nitasikia nini?"

Mzee aligeukia ukutani. Kisha ule mkono wa kushoto, uliopinda, ukatoka chini ya blanketi, ukapiga ukingo wa kitanda mara mbili, kwa nguvu.

"Andika Sugawara Hatsuyo," Bi. Hatsuyo alimwambia muuguzi. "Jirani."