Usingizi Ndani ya Jeneza la Watu

Kwetu Caoxian, huku China, ukisema unafanya kazi ya majeneza, hakuna anayeshtuka. Utaulizwa tu, "Upande wa mbao au wa vitambaa?" Mti wetu wa paulonia ni mwepesi na unashika moto upesi, na Wajapani, ambao huchoma maiti pamoja na sanduku lake, waliupenda sana. Basi wazee wao wakawa wanakufa, na sisi tukawa tunajenga nyumba za ghorofa.

Katika kiwanda cha tajiri Diao, nilikopiga msasa miaka mingi, hakuna aliyejulikana kumshinda Kou Yumei. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na kazi yake ilikuwa kulala. Jeneza likikamilika, Yumei alivua viatu, akaingia, akajigeuza kulia na kushoto. Likilia "kwii", lilirudi kwa fundi.

Mama mkwe wake aliona haya hata kupita sokoni.

"Unakizoesha kifo harufu yako!" alimfokea.

"Kikija kitanikuta kazini, mama. Kitangoja zamu yangu iishe."

Tulijua jambo moja ambalo tajiri hakulijua. Kila baada ya chakula cha mchana, Yumei alichagua jeneza la nyuma kabisa, akajifunika, akaacha wazi kile kidirisha cha usoni, ambacho Wajapani hukitaka ili wamwage maiti, apate hewa. Siku nyingine lilikoroma mpaka tukalazimika kupiga nyundo ovyo ili kumfichia siri.

Mwaka huo mnunuzi wetu, mzee Kuwahara wa Osaka, alikuja na mkalimani mpya, kijana wa mjini aitwaye Pang, mwenye viatu vilivyochongoka kama penseli. Siku iliyofuata tajiri Diao akatukusanya, uso umemshuka.

"Mkalimani anasema Vietnam wanauza rahisi kuliko sisi. Nisiposhusha bei, mzee anahamia huko. Kwa hiyo mishahara itapungua. Kazeni mikanda."

Tulirudi kazini. Mke wa fundi Lü alilia machozi yakadondokea varnishi, ikabidi aipake upya.

Mchana ule tajiri alimpeleka Kuwahara kutazama magogo. Pang akabaki nyuma, akajipenyeza katikati ya majeneza yaliyokamilika, akapiga simu kwa rafiki yake.

"Vietnam gani? Nimeitunga mwenyewe! Mzee analipa bei ile ile ya mwaka jana. Malipo yanapitia kwangu: Diao nitampa pungufu, kile cha katikati kinaingia mfukoni kwangu. Sema tu kwa sauti, hapa hakuna mtu, niko na majeneza."

"Na sisi tulio ndani ya majeneza," likauliza jeneza la nyuma, "unatuachia kiasi gani?"

Pang aligeuka. Kwenye kidirisha akaona jicho moja, nalo linamkonyeza. Alitoa ukelele ambao sijausikia hata kwa nguruwe wa sikukuu, akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye pumba za mbao. Mlangoni akamgonga tajiri aliyekuwa anarudi na mgeni wake, tajiri akamwangukia Kuwahara.

Nyuma yao kifuniko kikainuka. Yumei akaketi, nywele zimejaa vumbi la mbao, akamwona mgeni na kukumbuka adabu.

"Karibu, mzee. Umeshakula?"

Kuwahara hakuelewa hata neno moja, lakini alimwinamia mpaka kiunoni. Nadhani hakuwa na hakika anamsalimia aliye hai au aliyetangulia.

Yumei alieleza yote mbele yetu. Pang akaapa kwamba mwanamke huyo alikuwa anaota.

"Kweli nilikuwa naota," Yumei akasema, "mpaka ulipopandisha sauti."

Tajiri hakubishana. Alichukua penseli, akaandika kwenye kifuniko cha jeneza bei aliyoambiwa. Kuwahara akaitazama, masikio yakamwiva, akaikata na kuandika yake pembeni. Tarakimu hazihitaji mkalimani. Pang aliondoka bila kuaga, akakisahau hata kiatu.

Tajiri alitaka kwenda kunywa na mgeni wake, lakini Yumei bado alikuwa ameketi pale pale.

"Tajiri, na ile mikanda?"

"Mikanda gani?"

"Uliyotukazisha asubuhi. Tuifungue, au nilale tena nisikilize mengine?"

Tulicheka, na Kuwahara, asiyejua kinachochekwa, akacheka pia. Mbele ya mteja tajiri angesema nini? Mishahara haikuguswa.

Ila uongo wa Pang ulikuja kuzaa ukweli. Baada ya miaka michache mzee Kuwahara alistaafu, na waliomrithi wakapata kweli majeneza ya bei ya chini kwingine. Oda zikapungua, mafundi wakahamia miji ya pwani. Leo nusu ya banda letu inashona magauni ya wacheza ngoma, na Yumei anayauza mtandaoni kwa simu, akijigeuza mbele ya kamera huku watu wa nchi nzima wakimtania unene wake. Anawajibu, na wananunua.

Juzi nilimkuta amezungukwa na viroba vya magauni yaliyorudishwa: hili limebana, lile rangi siyo. Nikamuuliza kama anaikumbuka kazi ya zamani.

"Sana, shoga yangu," akasema, akipasua kiroba kingine. "Mteja wa jeneza alikuwa na heshima zake. Harudishi mzigo."