Siku Shosho Alipompata Mama Yake Zahanati

Mama ya mume wangu tunamwita shosho, mimi na watoto, na kijiji kizima cha Murera hakuna mtu mkaidi kumshinda. Nasema kwa upendo, lakini nasema.

Nilipoolewa huku kutoka upande wa Kakamega, kitu kimoja cha nyumba yao kilinichekesha. Msichana wetu wa kwanza alipewa jina la shosho, vile desturi yao inataka, na tangu siku hiyo mume wangu, mwanamume mzima na ndevu zake, akawa anamwita "maitu", yaani mama yangu. Mtoto wa miaka mitatu akisema "baba, kaa hapa," baba anakaa. Nilicheka hadi machozi. Ati maitu!

Mwaka jana nikiwa nafua, nikaona doa la damu kwa leso anayojifunga shosho kiunoni. Hedhi yake ilikatika kabla hata sijamjua. Nikamuuliza. Akasema amekalia nyanya. Nyanya! Na shambani kwake kulikuwa na mahindi matupu.

Nilimweleza mama mmoja jirani, yule mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake. Hakunizungusha. Alisema mwanamke wa umri huo akitoka damu lazima apimwe. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa kansa. Niliogopa sana. Shosho ndiye aliyenilelea watoto nikienda kazi ya kiwanda Thika.

Nilimbembeleza wiki mbili. "Nimvulie nguo mtoto wa jana? Heri nife," akasema. Basi nikamdanganya. Nikamwambia twende zahanati Ruiru apimwe presha tu.

Alipoona kile kitanda na pazia alijua. Nesi alikuwa msichana mdogo, pengine hata hajaolewa. Shosho akakumbatia sweta yake, akakataa kata kata. Hapo nikawaka. Nikamwambia, "Shosho, unataka tukuzike kwa sababu ya aibu?" Watu wote kwa foleni wakageuka kuniangalia, na sikujali.

Nesi hakukasirika. Alivuta kiti akangoja. Shosho naye, kwa madharau, akamuuliza, "Kwani wewe ni mtoto wa nani? Unaitwa nani?"

Msichana akataja jina lake. Shosho akamkazia macho. Akamwambia alitaje tena, akalitaja. Lilikuwa jina la mama yake mzazi, aliyezikwa miaka mingi iliyopita.

"Maitu," shosho akasema, sauti imepungua kabisa.

Yule msichana alikuwa wa huku huku, na hakucheka hata kidogo. "Eeh, mwanangu," akamjibu mwanamke aliyemzidi umri hata nyanya yake mwenyewe. "Mimi nimekuosha tangu uzaliwe. Leo utanificha nini?"

Shosho akavua sweta. Akavua viatu, kitambaa cha kichwa, kila kitu, polepole, na kunipatia mimi nishike. Nilisimama pale na mzigo wa nguo, mdomo wazi.

Kilikuwa kinyama kidogo tu kilichoota kwenye mlango wa kizazi. Kilitolewa hospitali kubwa ya Thika, na majibu yakarudi kwamba si kansa. Siku ya kwenda kuchukua majibu hayo nilikuwa naomba Mungu njia nzima; shosho alikuwa anakula ndizi.

Tarehe ya kurudi zahanati, hakuna aliyemkumbusha. Nilimkuta amevaa tayari, na mfuko wa mahindi mabichi mkononi. "Ni ya maitu," akasema. Tulipofika alimkabidhi nesi, wakaongea kidogo, wakacheka, kisha shosho akanigeukia.

"Na wewe ulipimwa lini?"

Nikaanza hadithi. Kazi, shifti, watoto, shule. Ukweli ni kwamba sikuwa nimepimwa kizazi hata siku moja, na nilikuwa naona aibu kumpita.

Akanisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akaniwekea mkono mgongoni.

"Mama yako yuko mbali," akasema. "Hapa mama ni mimi. Ingia."

Nikaingia, na sweta yangu nikamwachia ashike.