Kikombe cha Bibi, Dirisha la Mama

Kwa jumla, kile kikohozi kilitugharimu bibi mmoja, mgongo wa mtoto mmoja, na urafiki uliokuwepo tangu baba yangu hajazaliwa. Nimepiga hesabu mara mbili, kama ninavyopima maharage mbele ya mteja mbishi, na jumla haishuki. Kikombe sikuhesabu, kwa sababu kikombe bado kipo. Lakini nikitaka kuanza pale mambo yalipoanzia, itabidi nianze na harufu: ndizi zilizofukiwa shimoni nyuma ya nyumba yetu pale Heru Juu, zikiiva taratibu chini ya majani yake na udongo, zikitoa utamu wenye uchachu ndani yake, kama mtu anayekuchekea huku ana neno na wewe. Harufu ile ikifika njiani, majirani walijua bila kuambiwa kwamba Bibi Anastazia anatengeneza pombe, na Bibi akitengeneza pombe basi Jumamosi kuna shamba la mtu litalimwa.

Ndivyo tulivyolima. Shamba la leo la huyu, la kesho la yule, na jembe likishawekwa chini watu huketi kuzunguka mtungi mmoja, mirija mirefu ya matete imesimama ndani yake. Mrija haukuwa wa kila mtu na wake. Kumpa mtu mrija uliotoka kinywani mwako ilikuwa kusema mbele ya wote kwamba humwogopi, wala yeye hana sababu ya kukuogopa. Bibi na rafiki yake Konsolata, mjane wa nyumba ya pili kutoka kwetu, walitumia mrija mmoja maisha yao yote. Mmoja akivuta, mwingine anasimulia. Mwenye zamu ya kuvuta ndiye aliyekuwa hana nafasi ya kujitetea, kwa hiyo ndiye aliyesengenywa. "Mtazameni anavyokunywa," Konsolata alikuwa akisema, "utadhani analipa deni la marehemu mumewe." Bibi alivuta hadi mwisho, akafuta midomo kwa kanga, akajibu, "Marehemu alinidai mapenzi tu, mwenzangu. Wewe wako alikudai hata chumvi."

Bibi alikuwa bingwa wa kupatana bei. Sokoni Kasulu alinifundisha kwamba bei ya kwanza si bei, ni salamu. Hata magonjwa aliyapanga mafungu kama bidhaa: kuna yanayokuja na maji, hayo dawa yake ni kuchemsha, kuna yanayokuja na mbu, na kuna yanayokuja na mdomo wa mtu, kwa kijicho au kwa chakula alichokupa. Zaidi ya hapo, alisema, ni uzee, na uzee hauna duka. Kwa hiyo mwaka 2014, baridi ya kiangazi ilipotushukia na ukungu wake, akaanza kukohoa, alikiweka kikohozi kile kwenye fungu la uzee na kukiacha huko. Alikohoa wakati wa kuvuna mihogo, akakohoa wakati wa kuimenya. Kanga zikaanza kumzunguka mara nyingi kuliko zamani. Asubuhi mto wake ulikuwa umelowa jasho, sisi wengine tukiwa tunatetemeka. Mama alipoona damu kwenye kitambaa, hakuuliza fungu. Alimpandisha bodaboda hadi hospitali, nami nikakaa nyuma yao kumshikilia.

Nesi alikuwa mwanamke mwenye haraka, na foleni nyuma yetu ilikuwa inakohoa. Alisema ni kifua kikuu, kwamba kinatibika, na dawa ni kila siku kwa miezi sita. Bibi alimsikiliza kama alivyowasikiliza wanunuzi wa ndizi kutoka Manyovu. "Miezi sita, mwanangu? Nipe mitatu, tuelewane." Nesi hakucheka. "Bibi, hii haina kupunguza." Bibi akajivuta hadi ukingoni mwa benchi: "Basi minne, na hutaniona tena hapa." "Ukinywa minne nitakuona tena, na utakuja umebebwa." Kisha akamgeukia Mama. Atakapomeza wewe uwe unatazama. Akikohoa azibe mdomo. Madirisha yafunguliwe, hewa ipite, na mtoto mdogo asilale naye. Mdogo wetu Neema alikuwa na miaka miwili, na usingizi wake wote ulikuwa kifuani kwa Bibi.

Sasa angalieni tulivyofanya. Kuhusu vyombo nesi hakutamka hata neno. Lakini sisi ni watu wa mtungi mmoja, na kwetu neno "kuambukiza" likitamkwa, mkono unakwenda kwanza kwenye mrija. Jioni ile ile Mama alinunua kikombe cha bati cha bluu, akakipiga alama ya msumari chini, akakitundika peke yake karibu na mlango. Sahani yake, kijiko chake, kigoda chake. Tulimtengea Bibi kila kitu ambacho ugonjwa ule haupandi. Dirisha la chumba chake ndilo tulilokosea. Lilikuwa dogo, linatazama kilimani, na baridi ya usiku ikipita pale ilikuwa inaingia hadi kwenye mifupa. Bibi alilalamika, Baba akahurumia, Mama akaliziba kwa gunia na matope, kwa nia njema kabisa, maana mgonjwa wa kifua hapigwi baridi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wahenga. Sisi tuliziba ufa. Na Neema, ambaye tulimkataza kugusa kikombe cha bluu hadi akawa anakilia, tulimwacha alale na Bibi kwa sababu penginepo hakulala, na nyumba yote ikakosa usingizi. Asikinywee, lakini apumue. Biashara gani hiyo?

Habari ya kikombe ilitembea haraka kuliko bodaboda. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba la Konsolata. Bibi alitembea kwenda, polepole, akaketi mahali pake. Konsolata alikuwa ameshika mrija wao. Akautazama, akamtazama Bibi, akainuka na kwenda kukaa upande wa pili wa mtungi. Mwanamke mmoja kijana, kwa adabu kabisa, alimletea Bibi pombe katika bakuli la plastiki na kuliweka chini mbele yake, mbali kidogo, kama unavyomwekea kuku. Bibi alisema ahsante. Hakuligusa. Tulirudi nyumbani nikiwa nimemshika mkono, na njia nzima alizungumza juu ya bei ya maharage.

Dawa zilimsaidia. Mwezi wa pili jasho lilikauka, wa tatu mwili ukarudi, kikohozi kikabaki kama mgeni aliyeaga lakini bado yuko mlangoni. Nesi alifurahi na kusema endelea. Lakini Bibi alikuwa na hesabu yake. Katika akili yake, kilichomtenga na mtungi hakikuwa ugonjwa, kilikuwa dawa. Anayemeza dawa ana kikombe chake. Asiyemeza ana mrija. Kwa hiyo maharage yalipokauka mashambani na watu wakaanza kuvuna, Bibi alikwenda kwa Konsolata mwenyewe, akasimama uani na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Nimemaliza. Hospitali wameniachia." Konsolata akalia. Nililiona hilo kwa macho yangu. Alimshika Bibi mabega, akasema, "Mbwa wee, umeniacha nasengenya peke yangu msimu mzima." Jumamosi walikaa pamoja, mrija mmoja, na Bibi alicheka hadi akakohoa, na hakuna aliyehama. Nyumbani aliendelea kupokea vidonge mbele ya Mama, akafungua mdomo, akameza mate. Mwanamke aliyewashinda wachuuzi wa Manyovu hakushindwa kuficha kidonge shavuni.

Mvua za masika zilikuja nzito mwaka 2015. Tulifunga milango, tukakoka moto ndani, na kikohozi kikarudi na wenzake. Wakati huo watu wa Burundi walikuwa wanavuka kwa wingi, malori yakiwapeleka kambini Nyarugusu, na kijijini kwetu fungu jipya la magonjwa likazaliwa: ya wakimbizi. Mtu akiharisha ni wakimbizi, akikohoa ni wakimbizi. Jirani alimwambia Mama waziwazi kwamba Bibi amepata kikohozi cha Warundi. Bibi, ambaye mama yake mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya mpaka, alisema kutoka kitandani, "Basi nimekirithi kihalali." Huo ndio mzaha wake wa mwisho ninaoukumbuka. Alirudi hospitali amebebwa, kama nesi alivyomwambia. Nesi yule yule alimpokea, hakumkumbusha neno. Walianza dawa upya, safari hii na sindano, lakini mwili ulikuwa umeshauza kila kitu. Alifariki kabla mvua hazijakatika. Konsolata alisimama kaburini bila kulia, amebeba mrija, na udongo ulipoanza kuanguka akautupa ndani. Hakuketi tena kwenye mtungi wowote. Aliishi miaka mingine kadhaa akinywa chai.

Vidonge tulivipata tulipokuwa tunatengeneza pombe ya kuondoa matanga. Mama alifukua shimo la ndizi, na pembeni, ndani ya jani la mgomba lililofungwa vizuri kama zawadi, kulikuwa na vidonge vyekundu vilivyolainika, vimeutia udongo rangi. Mama alikaa chini palepale. "Nilikuwa namtazama," alisema. "Mungu wangu, kila siku nilikuwa namtazama." Baba alilifukia shimo, na nyumbani kwetu halijachimbwa lingine.

Na Neema? Neema hakukohoa hata siku moja, ndiyo maana hatukuogopa. Baada ya msiba alianza kukataa kuinama. Akitaka kuokota kitu alichuchumaa, mgongo umenyooka kama mtu aliyebeba maji kichwani. Kisha homa za jioni, kisha kinundu kidogo katikati ya mgongo. Daktari alipotuambia kuwa ni kifua kikuu, Baba alikasirika: kifua kikuu kimefuata nini mgongoni? Daktari akaeleza kwamba jina ni la mahali kinapopenda kukaa, lakini kinaingia kwa pumzi, na kikishaingia kinaweza kushuka popote. Akauliza nyumbani nani alikuwa anakohoa, na chumba kina dirisha? Hapo ndipo Mama alipouliza habari ya kikombe. Daktari alimtazama asielewe. "Kikombe hakina shida yoyote, mama," alisema. "Mngeweza kunywea wote." Nilitazama uso wa mama yangu wakati sentensi ile inaingia. Tuliporudi hakuvua hata viatu. Alichukua jembe akalibomoa gunia na matope, akapasua na matofali mawili ya pembeni, na usiku ule baridi ya kilimani iliingia tukalala nayo sote. Neema alimeza dawa zake mwaka mzima, hakutema hata moja. Ugonjwa uliisha. Kinundu hakikuisha.

Leo nauza maharage sokoni Kasulu, na watu husema mimi ni mgumu wa bei. Nyumba ya Heru Juu ina madirisha makubwa, na kwenye mtungi siku hizi vijana huja na chupa zao wenyewe, wakidhani ndiyo kinga, halafu wanajifungia chumba kimoja kutazama mpira hadi vioo vinatoa jasho. Fungu ni lile lile, bidhaa imebadilishwa gunia. Neema amekuwa msichana mkubwa, ana ulimi wa Bibi kabisa, na wanaomtania mgongo wake hujuta. Anajua alivyougua, hajui alivyoupata. Na kati ya vikombe vyote vya nyumbani amechagua kunywea kile cha bluu chenye alama ya msumari, kwa sababu, anasema, ndicho kitu pekee cha Bibi kilichobaki, na Bibi ndiye aliyempenda kuliko wote, mpaka alikuwa akimlaza kifuani. Juzi aliniuliza kwa nini Bibi alikuwa na kikombe chake peke yake. Nilijifanya nahesabu magunia. Niliyahesabu mara mbili, yakaisha, naye alikuwa bado amesimama pale na kikombe mkononi anangoja. Ninyi mliowahi kumweleza mtoto kwamba pumzi iliyombembeleza ndiyo iliyompinda, nipeni ushauri: mlianza na neno gani?