Silas wa Matandiko

Katika mji wa Wainby, kwenye vinamasi vya mashariki mwa Uingereza, ukimtaja Silas Wetherell uliulizwa kwanza: yupi? Wa Daraja, wa Upanga, au wa Matandiko? Wa Daraja alikuwa askofu wa zamani, mifupa yake imekwisha kuwa vumbi, naye ndiye aliyejenga daraja la mawe la kwenda sokoni. Wa Upanga alikuwa kanali wa jeshi la Bunge, wa ukoo wa askofu yule yule, aliyepigana na mfalme mpaka mfalme akakatwa kichwa. Watu wa Wainby walimsikia tu, kumwona hawakumwona. Wa Matandiko alikuwa fundi wa kushona matandiko ya farasi, na huyo ndiye mume wa Damaris.

Damaris alikuwa mpika pombe ya shayiri, kama mama yake kabla yake, mwanamke mwenye mikono mizito na masikio mepesi. Aliolewa watu walipokwisha kukata tamaa naye. Silas aliingia mjini siku ya mvua, mguu mmoja ukichechemea, begani mfuko wa nyuzi na shazia, zile sindano nene za kushonea ngozi, hana baba wala mjomba wa kumtaja. Alikuwa mpole, hanywi akapitiliza, na alipomposa Damaris alimwambia jambo moja tu kuhusu maisha yake ya nyuma: kwamba alikuwa vitani na hapendi kuyasimulia. Damaris alikubali. Wanaume wengi wa miaka ile walikuwa na mambo wasiyopenda kuyasimulia.

Wakati Bunge linatawala, jina lile lilikuwa mtaji. Wakulima walipita mafundi wengine wakaja kwa Silas, wakidhani ana udugu na kanali. Aliyeuliza alijibiwa kwamba jina la askofu lilipendwa na wapangaji wa mashamba ya ukoo wake, na babake Silas alikuwa mmoja wao. Watu walicheka, wakaamini walichotaka.

Kisha, mwaka 1660, mfalme mpya akarudi kutoka uhamishoni. Kengele zikapigwa, pipa la Damaris likakauka kabla ya adhuhuri, na waliokuwa wakilisifu Bunge wakawa wa kwanza kurusha kofia juu. Majani ya miti yalipoanza kuanguka, mpiga mbiu alisimama sokoni akatangaza kwamba Kanali Silas Wetherell anatafutwa, na atakayemficha atanyongwa pamoja naye. Akataja alama zake: mrefu, nywele za mvi, kovu la upanga ubavuni kushoto. Humphrey Cutlack, konstebo wa mji, ambaye kila Jumamosi alikula mkate wa nyama jikoni kwa Damaris, aligeuza shingo taratibu akamtazama Silas kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima farasi.

Bi Pask, mjane wa nyumba ya pili, hakungoja jua litue. Alikuja kuazima chachu, akaketi.

"Shoga, mimi sisemi kitu," alisema, na hapo Damaris akajua kwamba atasema. "Ila huyo kanali alitoweka mwaka gani?"

"Nitajuaje?"

"Unajua. Aligombana na wakubwa wenziwe, akatoweka. Mwaka huo huo mumeo akatushukia hapa na mfuko wake. Na lile kovu tuliliona wote wakati wa kuvuna majani, alipovua shati. Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu."

"Kovu hata wewe unalo."

"Langu ni la sufuria."

Damaris alimpa chachu akamfungulia mlango. Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Tangu siku ile alimtazama mume wake kwa macho mapya, na kila alichokiona kilikuwa na pembe. Kwa nini fundi wa matandiko ajue kusoma Kilatini kwenye kaburi la askofu? Kwa nini, akisikia kwato barabarani, ahesabu farasi kwa midomo? Halafu vitu vikaanza kupungua ghalani. Jibini ilikatwa nusu. Nyama ya nguruwe iliyoning'inia kwenye moshi ikawa fupi, na Silas alipoulizwa alisema ni panya. Damaris hakuwahi kuona panya anayekata nyama kwa kisu.

Tena alikuwa akiondoka asubuhi na mapema kwenda vinamasini, eti kutafuta matete ya kujazia matandiko, na kurudi na matete yasiyotosha kujazia hata mto wa mtoto. Damaris akajiambia: huyu anajiandaa kukimbia, na mimi ataniachia kitanzi.

Asubuhi moja akamfuata. Ukungu ulikuwa mzito na bata bukini walipiga kelele kiasi kwamba nyayo zake hazikusikika. Silas alipita njia ya mbao hadi kwenye kibanda kilichoachwa cha mvuvi wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, akagonga, na mlango ukafunguliwa na mzee mrefu, mwenye mvi, aliyejifunga blanketi. Damaris alilitambua blanketi lile, ni lake. Kisha akamsikia mume wake akisema, kwa sauti ambayo hakupata kuitoa nyumbani, "Umeamkaje, Kanali?"

Alikaa kwenye matete. Mume wake alikuwa yule yule aliyemwoa: hilo lilimpa nafuu. Nafuu yenyewe haikufika nyumbani, kwani njiani alikumbuka maneno ya mpiga mbiu. Atakayemficha atanyongwa pamoja naye.

Alimngoja Silas karakanani, akafunga mlango. Silas alipoona matope ya kinamasi kwenye viatu vyake, aliweka chini shazia, akaeleza yote. Vitani alikuwa akitengeneza matandiko ya kikosi cha kanali. Kanali huyo, akipendezwa kwamba wanaitwa jina moja, alimfundisha kusoma, hata Kilatini kidogo, wakati wa majira ya baridi. Siku moja Silas alichomwa upanga ubavuni akakamatwa na watu wa mfalme, chini ya bwana mmoja aliyeitwa Jocelyn Maltby. Walipomuuliza jina akalisema. Wakashangilia, wakaanza kuandaa kamba. Habari zikafika upande wa pili, na kabla ya jua kutua kanali alikuja mwenyewe juu ya farasi, na kitambaa cheupe, akasema wamemkamata Silas ambaye siye. Wakamwachia fundi, na kwa kuwa kanali alijisalimisha mwenyewe hawakumnyonga, wakambakiza gerezani kipupwe kizima. Kuhusu kovu la kanali lililotangazwa, Silas hakuwa na hakika kama walilichanganya na lake au wote wawili walikuwa nalo.

"Miaka yote hii hukuniambia," Damaris alisema.

"Usilolijua huulizwi."

"Mimi ni mkeo, Silas. Si hakimu."

Silas aliokota shazia yake. Alisema kuna mashua ya Waholanzi inayopakia sufu katika bandari ya Lynn, na nahodha wake amekubali kumchukua mzee. Ila askari walikuwa njia nzima. Wangetulia tu wakidhani wameshampata wanayemtaka. Damaris alielewa kabla hajamaliza. Cutlack akija, Silas hatakataa jina lake, wala hatajitetea, mpaka mashua iondoke.

Kesho yake Damaris alipeleka mkate yeye mwenyewe. Alitaka kumtazama yule mzee machoni.

"Mume wangu anasema uliwahi kujitoa kwa ajili yake," alimwambia. "Wakimpeleka kunyongwa, utarudi?"

Kanali alishika mkate bila kuumega. "Wakati ule, mama, nilijua watu wangu watanikomboa kwa kubadilishana mateka. Sasa sina wa kunikomboa. Sitakudanganya. Sidhani nitarudi."

Damaris alirudi akiwaza kwamba afadhali angedanganywa. Mwongo angemchukia kwa raha. Huyu alimwachia ukweli kama jiwe la kubeba, na ndani yake mlikuwa na shaka nyingine: je, hata ule ushujaa wa kwanza ulikuwa hesabu tu? Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Cutlack. Alikuwa na maneno tayari mdomoni. Konstebo alifungua akitafuna.

"Bi Damaris. Mumeo yupo nyumbani leo?" aliuliza, na macho yake hayakumtazama usoni, yalitazama viatu vyake.

Damaris akaona kwamba akikitaja kibanda, watauliza aliyepeleka blanketi ni nani. Alisema amekuja kuuliza kama anataka mkate wa nyama Jumamosi. Cutlack akasema Jumamosi atakuwa na kazi.

Walikuja Ijumaa, saa za mchana, mtaa mzima ukitazama. Ofisa wa mfalme alimuuliza Damaris jina la mume wake. "Silas Wetherell," alijibu. Akamuuliza kama alizaliwa Wainby. Akajibu hapana. Wakampandisha Silas kwenye mkokoteni wa kwenda Lincoln, na Bi Pask, aliyeanzisha yote, alilia kuliko mtu yeyote.

Siku zilizofuata hakuna aliyenunua pombe kwake. Watu waliokunywa mapipa yake kwa miaka walivuka barabara wasikutane naye. Damaris alimsimamisha kila muuza mikunga aliyetoka Lynn akamuuliza habari za bandari, na wa tatu akamwambia: Waholanzi waliondoka Jumanne na sufu yao. Kama walikuwa na abiria hakujua. Damaris hakuwa na namna ya kujua kama amemngojea mtu au upepo. Alivaa viatu vizito akaenda kumtafuta Jocelyn Maltby, yule bwana aliyemkamata Silas vitani.

Maltby alikuwa mzee wa jicho moja, anaishi kwenye nyumba iliyovuja, maana mfalme aliyempigania alikuwa bado hajamkumbuka. Alimsikiliza akiwa amesimama. Aliposikia habari za kamba na kitambaa cheupe alikunja uso, na kwa muda mrefu Damaris hakuweza kusoma kama ni hasira au kumbukumbu. Kisha akaagiza farasi.

Mbele ya hakimu wa Lincoln, Maltby alimzunguka Silas aliyefungwa minyororo, aliyekonda na kufunikwa na ndevu, akamtazama mara moja tu.

"Mheshimiwa, huyu nilimkamata kwa makosa wakati wa vita," alisema. "Nilichekwa na jeshi zima. Sitaki kuchekwa tena uzeeni. Silas Wetherell ndiyo, lakini siye."

Hakimu alikasirika. Alimgeukia Damaris akauliza kwa nini siku ile hakusema kwamba huyu si kanali.

"Hakuna aliyeniuliza, Mheshimiwa," Damaris alijibu. "Niliulizwa jina la mume wangu, nikalisema. Niliulizwa kama alizaliwa kwetu, nikasema hapana."

Hakimu alimkazia macho, na Maltby naye alimkazia jicho lake moja, na Damaris alihisi wote wawili wanajua. Lakini kujua si kuthibitisha. Silas alifunguliwa.

Njiani kurudi Maltby aliwasindikiza hadi njia panda, akamwinamia Damaris kutoka juu ya farasi. "Alifika Uholanzi?" aliuliza kwa sauti ya chini. Damaris akasema hajui anamzungumzia nani. Mzee akacheka kidogo, akageuza farasi.

Wateja walirudi polepole. Cutlack alirudi mezani kwa Damaris baada ya Pasaka, akapewa mkate wa nyama, naye Damaris akakaa mbele yake akimtazama mpaka alipomaliza. Kutoka kwa kanali hakukuja habari, wala salamu, wala shukrani. Silas alisema mtu aliyejificha haandiki. Damaris alisema mtu mwenye haya huandika.

Walizeeka pamoja, na watu waliowajua walisema ni ndoa njema. Silas alijifunza kumwambia mkewe kila anakokwenda, hata kama ni kisimani tu, na hakuudhika kamwe alipoulizwa mara ya pili. Damaris alimwamini. Hata hivyo, mara moja moja, asubuhi yenye ukungu, akishaagwa na mlango ukafungwa, alichukua shali yake akamfuata hadi mwisho wa mtaa, akasimama pale akimtazama mpaka aone amepinda njia aliyosema atapinda.