Taa ya Njano Njiani Kwenda Shika Adabu

Safari hii niliianza kwa sababu ya macho ya mamangu. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na hospitali ya mjini kisiwani ilimpa siku ya kupasuliwa. Masika yaliyotangulia walimpa siku pia, akaikosa, kwani njia ya shambani kwake, ndani kabisa ya Shika Adabu, iligeuka tope na teksi tuliyokodi ikakwama hata nusu haijafika. Niliapa kuwa masika yakirudi nitamtoa mwenyewe.

Basi mimi, muuza leso wa Chaani, nikanunua gari kuukuu la fowili, lile linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mtaani kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kushika usukani wa gari kama lile kabla yangu. Sijigambi, nasema lililo kweli. Mume wangu Bakari, dereva wa malori pale bandarini Kipevu, akanifungia matairi mawili mapya, mapana na marefu kuliko ya zamani, ili tope lisinishinde. Aliyafunga mbele. Kwa watu wa malori, mpira mpya hukaa mbele kwenye usukani na mkuukuu husukumwa nyuma, na Changamwe nzima hakuna anayeuliza kwa nini. Mawili ya nyuma tungeyanunua baadaye. Kisha akaondoka na mzigo wa Uganda.

Asubuhi, siku moja kabla ya ile ya hospitali, niliondoka Chaani na wifi yangu Mwanasiti, dada yake Bakari, aliyekuwa amelala kwetu akirudi kwake Timbwani. Tulikatiza mjini vizuri, gari likiitika kila nilipoligusa, nami nikiwapungia mkono hata watu nisiowajua.

Tulipovuka kwa feri hadi Likoni, maji yalikuwa yamekupwa, na mteremko wa feri ukabaki mkali na wenye utelezi. Nikavuta gia ndogo, ile inayofanya magurudumu yote manne yavute pamoja. Taa ya njano ikawaka mbele yangu, kama ipasavyo, tukapanda bila taabu. Lakini nilipofika juu kwenye lami nikataka kuirudisha ile gia, ilikataa kurudi. Taa ikabaki inawaka. Usukani ukawa mzito, na kwenye kona gari likaguna chini kama linaburutwa.

"Wifi, gari laumwa," akasema Mwanasiti.

"Nasikia."

Kesho ndiyo siku ya mama, na siku nyingine hatungepewa upesi.

Timbwani, nyumbani kwa Mwanasiti, mumewe Omari alitupokea na majirani wawili. Baada ya salamu wakachungulia chini ya gari, kila mtu na neno lake. Wakakubaliana kuwa matairi makubwa yamebana waya.

"Toa balbu, shemeji," Omari akanishauri. "Roho yako itatulia."

"Mimi nitatulia. Na gari je?"

"Basi muachie mmoja wetu alipeleke. Njia ile si ya mchezo."

"Aliyeko kule ni mamangu, shemeji, na gari ni langu."

Niliingia nikaketi kwenye usukani, hasira zimenipanda, nikajiuliza taratibu. Matairi haya ninayo tangu juzi. Chaani taa haikuwaka, mjini haikuwaka. Imeanza pale feri, nilipovuta gia ndogo. Nikatia rivasi ili nigeuze gari mle uwanjani kwenye mchanga. Nilirudi hatua chache tu, kitu kikalia *tak* chini, gia ikalegea, taa ikazimika.

Wanaume wakainama tena kuchungulia waya. Mimi nikamwomba wifi mkaa jikoni kwake. Nikapiga alama kwenye tairi la mbele na la nyuma, zote mbili pale linapogusa mchanga, kisha nikalipeleka gari polepole hadi mwisho wa uwanja, Mwanasiti akifuata kando ameinama.

"La nyuma limeshalitangulia la mbele," akasema. "Lazunguka zaidi."

Hapo nikaelewa. Tairi dogo huzunguka mara nyingi kuliko kubwa, kwa mwendo ule ule. Ukivuta gia ndogo, ya mbele na ya nyuma yanafungwa yazunguke sawa. Kwenye lami hakuna linaloteleza, basi yanavutana mpaka gia inabanwa. Kwenye tope yanateleza, na kuvutana kunaisha. Kwa hiyo lami nitaipita bila gia ndogo, topeni nitaivuta, na nikirudi lamini nitatia rivasi kidogo, ili kule kuvutana kulegee, mpaka taa izime.

"Hayo umesomea wapi?" Omari akauliza.

"Uwanjani kwako," nikamjibu.

Shika Adabu tope lilifika nusu ya gurudumu. Nilivuta gia ndogo, taa ikawaka, na safari hii niliipenda. Pale teksi ilipokwama nilipita, wallahi, bila hata kupunguza mwendo. Mama alikuwa barazani, buibui ameshavaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Nimekuja nikiendesha."

Akanipapasa mikono yote miwili. Nikamuinua, nikamkalisha mbele.

Tulipotoka kwenye tope nilisimama, nikatia rivasi. Mama akanishika bega. "Mbona twarudi shamba? Nimeshasema nitakwenda." Nilicheka, na taa ikazima. Pale feri maji yalikuwa yamejaa, mteremko mfupi, tukavuka salama na kulala Chaani. Kesho yake, jina lake lilipoitwa hospitali, mama aliitika mwenyewe.

Nililojifunza ni hili: gari likikuonyesha taa, liulize limeanza lini na ulikuwa ukifanya nini, kabla hujawauliza wanaume wa uwanjani.

Siku ya kumchukua, bandeji ilikuwa imetolewa. Nilimshika mkono mpaka nje, miwani myeusi usoni. Tulipolikaribia gari aliuachia mkono wangu, akasimama, akaishusha miwani kidogo.

"Mwanangu," akasema, "mbona matairi ya mbele ni makubwa kuliko ya nyuma?"